Mgeni Ajaye Wakati wa Likizo

Katika mwezi wa Desemba, mvua za kwanza zinapolowesha udongo wa Chemba, shule hufungwa. Watoto hurudi majumbani, madaftari huwekwa kando, na majembe hutolewa nje na kunolewa. Basi pengine siku kama hizo gari litokalo Dodoma husimama kando ya barabara kuu, na mtu mgeni hushuka, mwenye mzigo mkubwa mgongoni na kofia mpya kichwani. Amekuja kufundisha. Huuliza shule iko wapi, naye huonyeshwa kwa kidole. Huenda, akaikuta imefungwa kwa kufuli, na mbuzi wamelala barazani wakikwepa mvua.

Watu wa kijiji hucheka, si kwa ubaya, bali kwa kuwa jambo lenyewe ni la kuchekesha. Lakini yafaa tujiulize sababu yake, maana si ujinga wa mgeni peke yake.

Dunia huzunguka jua kwa mwaka mmoja, nayo imeinama kidogo. Kwa sababu ya kuinama huko, mwezi wa Desemba jua huzielekea zaidi nchi za kusini. Katika mji wa London siku ya Krismasi jua hutua kabla ya saa kumi alasiri, na watu huwasha taa na moto. Lakini huko Sydney, katika nchi ya Australia, ni wakati wa joto kuu, na watu huenda kuoga pwani. Kwa hiyo likizo ndefu ya wanafunzi wa Australia haiwi Julai na Agosti kama ya Ulaya, bali huwa Desemba na Januari, na vyuo vikuu vyao hufungua Februari au Machi. Kijana wa huko atakaye kujitolea katika nchi nyingine hupata nafasi miezi hiyo. Nasi Tanzania mwaka wa shule humalizika mwanzo wa Desemba na kuanza tena Januari. Ndipo mwanafunzi aliye katika likizo yake hufika katika shule iliyo katika likizo yake.

Australia na nchi ya kati ya Tanzania zimejuana zamani. Dayosisi ya Tanganyika ya Kati ilipoanzishwa mwaka 1927, askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Sydney. Na baada yake walikuja waalimu na wauguzi wengi wa kutoka huko, wakafanya kazi Dodoma, Mvumi, Kongwa na kwingineko. Hao walikaa miaka mingi, na wengine walizeeka huku. Watu wa kujitolea kwa muda mfupi ni desturi ya baadaye. Mwaka 1958 Mwingereza Alec Dickson alianzisha chama cha kuwapeleka vijana nchi za ng’ambo kufanya kazi ya kujitolea. Mwaka 1961 Marekani iliunda jeshi lake la amani, liitwalo Peace Corps, ambalo halina silaha; na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea watu wake, mwaka ule ule, nao walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wajuzi wa mawe, waliokuja kusaidia kazi ya barabara. Mwaka 1965 Japani nayo ilianza kazi ya namna hiyo.

Mtu wa kujitolea ni nani? Ni mtu afanyaye kazi bila mshahara, au kwa posho ndogo ya kumtosha kula. Watu husema hufanya kazi bure. Neno hilo si kweli yote. Miezi ya kwanza kijiji humpa mgeni kuliko yeye akipavyo kijiji: humpa chumba, humpa maji yaliyotekwa mbali, humpa mtu wa kumwongoza njia, na humpa saa nyingi za kumfundisha maneno ambayo mtoto wa miaka mitatu ayajua. Hiyo ni gharama, ijapokuwa haiandikwi katika kitabu chochote cha hesabu.

Tena hawezi kuja kama mtu ajaye kutazama wanyama. Yampasa kupata kibali cha serikali cha kukaa nchini kwa kazi ya kujitolea. Hati ya mtalii haitoshi, hata kama kazi yenyewe haina mshahara. Wengine hudharau jambo hili, nao hupatwa na aibu, pamoja na wenyeji waliowapokea.

Sasa tuitazame nchi anayoifikia. Chemba ni wilaya ya mkoa wa Dodoma. Zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kondoa, nayo ilitengwa mwaka 2012. Ni nchi ya uwanda wa juu, zaidi ya meta 1,000 juu ya bahari, yenye mibuyu, miiba na vilima vya mawe. Barabara kuu iendayo Kondoa, Babati na Arusha hupita humo. Lami yake kutoka Dodoma hata Babati ilizinduliwa mwaka 2018. Lakini mtu akiiacha barabara hiyo kwenda Kwa Mtoro au Farkwa, lami huisha, na njia huwa ni ya udongo na mchanga, ikikatwa na makorongo.

Hapo ndipo mgeni hupata somo lake la kwanza. Korongo aliloliona kavu asubuhi, mchanga mtupu, watoto wakichimba visima humo ili kuteka maji, jioni huwa mto wenye nguvu, unaochukua magogo. Mvua haikunyesha pale aliposimama. Ilinyesha mbali, milimani. Mto Bubu ni wa namna hiyo: sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga, na wakati wa mvua hupeleka maji yake mpaka kwenye bwawa la Bahi. Mwenyeji hukaa ng’ambo akangoja, hata kama ni usiku kucha. Mgeni hutazama saa yake na kusema, “Nimechelewa.” Mwenyeji humjibu, “Maji yatapungua, ndugu yangu. Keti.” Aliyekataa kuketi amepata kuzikwa.

Na saa yenyewe humdanganya. Wazungu huanza kuhesabu saa usiku wa manane na tena adhuhuri; sisi huanza jua linapochomoza na linapotua. Mgeni huambiwa kwamba basi huondoka saa kumi na moja alfajiri. Huandika 11 katika kitabu chake, hulala vizuri, hunywa chai, hufika kituoni jua limekwisha kupanda sana, na basi limekwisha fika mbali. Kosa hili hulifanya mara moja tu.

Lugha nayo si jambo la siku moja. Mahali pachache sana katika Afrika pana lugha za asili nne zilizo mbalimbali kama nchi hii ya Kondoa na Chemba. Warangi na Wagogo husema lugha za Kibantu, ndugu za Kiswahili. Waburunge, walio upande wa Goima, husema lugha ya Kikushi, yenye undugu na lugha za Ethiopia na Somalia. Wabarbaig, wafugaji, husema lugha ya Kiniloti. Na Wasandawe, wa Farkwa na Kwa Mtoro, wana lugha yao yenye sauti za kualika kwa ulimi, ambayo wataalamu hata leo hawajakubaliana ina undugu na lugha gani. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kidogo kwao, kwa vitabu, hufika akidhani amejiandaa. Kumbe bibi mwenye nyumba huzungumza na wajukuu wake lugha nyingine kabisa, na Kiswahili hukitumia kwa wageni na ofisini. Lakini Kiswahili ndicho kiungo cha wote, naye akikishika, ameshika mlango wa nyumba zote.

La kwanza katika lugha ni salamu. Mgeni ajapo kutoka nchi ya watu wenye haraka huanza na haja yake: “Maji yako wapi?” Hakusudii kutukana. Lakini mzee aliyeketi chini ya mti husikia kwamba amepitwa kama kisiki. Mwenye kumpenda mgeni humfundisha siku ile ile kusema “Shikamoo, babu,” na kungoja “Marahaba,” na kuulizwa habari za safari, za nyumbani, za mvua ya kwao, na kuuliza naye. Katika Ugogo huongeza “Mbukwenyi,” na watu hufurahi kuliko kama angalitoa zawadi. Hujifunza pia kwamba mama mwenye nyumba haitwi kwa jina lake, bali kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani. Na kwamba yeye mwenyewe, akikaa nyumba hiyo, ni mtoto wa nyumba hiyo, naye atatumwa kama watoto wengine wanavyotumwa.

Watoto wa shule wana sehemu yao katika jambo hili. Kumfuata mgeni njiani makumi kwa makumi, na kupiga kelele “Mzungu! Mzungu!” si salamu. Kucheka mtu anapokosea neno humfanya anyamaze, na anyamazaye hajifunzi. Fikiri wewe umepelekwa Sydney, ukaulizwa na watu arobaini kwa mara moja jambo usilolifahamu, huku wakigusa nywele zako.

Wengi hudhani kwamba taabu kubwa ya mgeni ni chakula. Si kweli, chakula huzoeleka. Ugali wa uwele una rangi ya kijivu na ladha nzito, lakini una nguvu, na mtu aliyelima tangu alfajiri huula bila kuuliza. Mlenda humshinda kwanza. Huteleza vidoleni, na kabla haujafika mdomoni umekwisha rudi bakulini. Watoto wa nyumba humwonyesha namna ya kuukata kwa tonge na kuuzungusha. Baada ya juma mbili huula. Baada ya mwezi huutaka.

Lakini kuna jambo la chakula ambalo mgeni halioni, wala wenyeji hawalisemi. Desemba na Januari ni miezi ya kupanda, nayo ni miezi ya njaa. Nafaka iliyovunwa mwezi wa Mei na Juni imekwisha kupungua ghalani, na mpya ingali mbegu ardhini. Mwaka wa mvua haba, familia nyingi hula mara moja kwa siku. Hata hivyo mgeni akija, mama huchukua unga uliobaki, humpikia sahani kubwa, na huchinja kuku aliyekuwa akitaga. Mgeni hushukuru, hushiba, huandika kwao kwamba watu wa Chemba wana chakula tele. Hajui kwamba watoto waliokula baada yake walikula kidogo. Mwenyeji kwa heshima hatamwambia, na mgeni asipoambiwa hatajua. Kwa hiyo wale wanaowapeleka wageni hawana budi kuwaeleza kabla ya safari, na kupatana na wenye nyumba juu ya fedha ya chakula, mapema, kwa maneno yaliyo wazi. Kulipa chakula si kumvunjia mwenyeji heshima. Heshima huvunjika ghala likiwa tupu.

Waliotangulia walilijua jambo hili. Mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, Mganda, alijitolea kwenda Mboga, nchi iliyo ng’ambo ya mto Semliki, ambayo leo imo katika Kongo. Waalimu waliomtangulia walikuwa wamerudi, kwa maana Tabaro, mtawala wa huko, hakuwataka, na watu waliwanyima chakula. Apolo kabla ya kwenda alinunua jembe. Alipoulizwa atakula nini, alilionyesha. Basi alifika akalima mwenyewe, akafundisha kusoma watu waliokuja. Haya hayakumwondolea taabu: alisingiziwa kosa la mauti ya dada yake Tabaro, akafungwa gerezani, na baadaye akaachiliwa, naye akarudi Mboga kwa watu wale wale. Alikufa huko mwaka 1933. Yeye hakuwa Mzungu, wala hakutoka mbali kwa hesabu ya maili. Lakini lugha, chakula na desturi vilikuwa vingine, naye alikuwa mgeni kweli kweli.

Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine hulifikiri neno hili kuwa la uchoyo. Mgeni wa Desemba aliyekuta shule imefungwa huliona kuwa ni msaada. Siku ya kwanza hulala, siku ya pili hutembea, siku ya tatu hana kazi wala mtu wa kuzungumza naye, kwa kuwa kijiji kizima kiko shambani toka alfajiri. Mtu mwenye afya akikaa peke yake barazani, akisikiliza mvua juu ya bati, ndipo moyo wake hurudi kwao. Huhesabu siku zilizobaki. Wengine hurudi kabla ya juma la nne, wakisema nchi ile haina kazi, na kumbe kazi yote ilikuwa nyuma ya nyumba.

Akipewa jembe, mambo hugeuka. Hufundishwa kufukia mbegu za uwele kwa mguu. Huonyeshwa nafasi ya shimo na shimo. Mikono yake hutoka malengelenge kabla ya adhuhuri, na mama humkataza asiendelee, naye huendelea kidogo kwa aibu. Kazi yake haifiki robo ya kazi ya msichana wa miaka kumi na mitatu. Lakini shambani watu husema, huimba, huuliza. Maneno mia aliyoshindwa kuyakariri kitabuni huyapata kwa siku kumi: mbegu, shimo, panda, ngoja, wingu, jembe limelegea, leta maji. Na wazazi watakaompelekea watoto wao darasani mwezi wa Januari wamekwisha kumjua.

Afya yake yapasa kuangaliwa. Mvua huleta mbu, na mbu huleta malaria. Mtu aliyekua nchi isiyo na ugonjwa huo hana kinga yoyote mwilini, hata awe na nguvu gani. Kwa hiyo chandarua, dawa ya kuzuia, na kwenda zahanati siku ile ile aonapo homa si mambo ya kuahirisha. Maji ya korongo huchemshwa kwanza. Na jua lenyewe, ambalo mwenyeji halihesabu kuwa kitu, humchoma ngozi hata ikabanduka.

Hata Krismasi inafika. Hii ndiyo siku iliyo ngumu kwake kuliko zote, na watu wa nyumba hawatambui, kwa sababu kwao ni siku ya furaha tupu. Usiku wa kuamkia sikukuu watu hukesha kanisani wakiimba, wengine wametembea saa nyingi katika matope, viatu mkononi. Watoto huvaa nguo mpya, kama mwaka umekuwa mwema. Mchele hununuliwa, hata na nyumba ambayo haikununua mchele tangu Pasaka. Majirani Waislamu, ambao ni wengi katika nchi hii, hasa kwa Warangi, hupelekewa sahani, kama wao walivyopeleka sahani siku ya Idi. Mgeni huketi katikati ya watu hao wote, na machozi humtoka. Hulia nini? Hulia mama yake. Sikukuu za ugenini huwa hivyo kwa kila mtu. Vijana wa Chemba waliokwenda kufanya kazi Dar es Salaam watashuhudia.

Zamani barua ilichukua miezi kati ya Ugogo na Ulaya, na mmisionari aliweza kusoma Machi salamu za Krismasi iliyopita. Leo mgeni hupanda kilima kutafuta mawimbi ya simu, husikia sauti ya mama yake kama yuko jirani, na akishuka ana huzuni kuliko alipopanda. Wenye nyumba wenye busara hawamwachi peke yake saa hiyo. Humpa kitu cha kufanya: kupepeta mchele, kushika mtoto, kupeleka sahani nyumba ya tatu. Dawa hii ni ya kale, nayo hufaa kuliko maneno.

Makosa ya wageni yako mengi, lakini moja lina madhara makubwa kuliko yote, nalo ni ahadi. Mgeni aliyependwa huona mama zake wakichimba mchanga kutafuta maji, moyo wake huwaka, na husema mbele ya watu, “Nitarudi, nami nitawachimbia kisima.” Husema kweli, kwa kadiri anavyojijua siku hiyo. Kisha huenda kwao, hurudi chuoni, hutafuta kazi, huoa. Kijiji hungoja. Mwaka wa pili watu husema, “Yule alisema.” Mwaka wa tano hawasemi tena, bali mgeni mwingine akija hupokewa kwa uso mwingine, wala hajui sababu. Kugawa peremende na fedha kwa watoto njiani ni kosa la namna hiyo hiyo, ijapokuwa dogo: mtoto aliyekuwa akisalimu hujifunza kunyosha mkono.

Wenyeji nao wana makosa yao. Wako wamtozao mgeni nauli mara mbili. Wako wadhanio kwamba kila mwenye ngozi nyeupe ana mfuko usio na mwisho, wakamletea kila shida, mpaka akaogopa kutoka chumbani. Wala si haki kumwachia darasa zima mtu asiyejua ualimu, kwa kuwa tu anasema Kiingereza vizuri. Kijana wa miaka ishirini aliyesomea mambo ya benki hakusomea kufundisha, na mwalimu wa shule, aliye na cheti chake na miaka yake ya kazi, ajua zaidi kuliko yeye namna mtoto ajifunzavyo hesabu. Yafaa mgeni akae kwanza nyuma ya darasa, atazame, kisha asaidie palipo na upungufu: kusoma kwa sauti, kusikiliza matamshi, kukaa na wale walioachwa nyuma.

Januari shule hufunguliwa. Mbuzi hufukuzwa barazani, nyasi hufyekwa, madawati hupanguswa vumbi. Mgeni huingia pamoja na mwalimu, na watoto husimama. Safari hii hakuna apigaye kelele, kwa sababu nusu yao walikuwa pamoja naye shambani, nao wamekwisha kumcheka hata wakachoka. Husema “Hamjambo,” nao hujibu “Hatujambo,” na kazi aliyoijia huanza.

Mwenye likizo fupi huondoka mwisho wa Februari, palizi ya pili haijaisha. Uwele aliopanda hufika kifuani wakati huo, nao haujatoa mashuke. Mwezi wa Machi na Aprili watoto huamka usiku kwenda kulinda ndege, na mavuno huja Mei au Juni, yeye akiwa darasani kwao, katika baridi ya Australia. Mama wa nyumba humpelekea habari kwa simu, magunia mangapi, na kwamba safu zake zilikwenda upande, lakini zimezaa.